Barua kwa mwanangu: Bukoba na mvua zake

Mwanangu Koku,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, baba yako mguu umepata nafuu, na migomba imependeza. Ujumbe wako niliusoma, nikamsomea na baba yako, tukaona hili si jambo la kujibiwa kwa simu ya haraka haraka. Umesema uhamisho wa mkwe wangu kuja Bukoba umeshatoka, ukauliza: "Mama, huko mvua haikatiki. Kila Desemba tukija tunashinda ndani, tunakula na kulala. Mwaka mzima mtu anaishije hivyo, na watoto watacheza wapi?"

Una haki ya kuuliza. Wewe tulikulea Dodoma, na huku umekujua kwa likizo tu. Umeiona Bukoba ya Krismasi, wakati wageni wamejaa, mabasi yametapika ukoo mzima, na kila mtu anatafuta pa kulaza mgongo. Bukoba ya Februari au ya Julai hujaiona.

Ni kweli mvua ni nyingi. Kwa mwaka tunapata kama milimita 2,000. Dar hupata kama 1,100, na hapo Dodoma kwenu haifiki hata 600. Lakini mvua ya huku ina saa zake, na hilo ndilo nataka ulielewe kabla ya mengine yote. Nyingi hunyesha usiku wa manane kuelekea asubuhi. Baba yako hachoki kulieleza, anasema usiku nchi kavu inapoa upesi kuliko maji. Basi upepo unatoka bara pande zote za Ziwa Victoria, unakutana katikati, hewa yenye unyevu inapanda na kujenga mawingu, kisha upepo wa mashariki unayasukuma yote huku kwetu. Ndiyo maana Musoma, ng'ambo ya ziwa hili hili, hawapati hata nusu ya mvua yetu.

Kwa hiyo unasikia radi zinanguruma upande wa kisiwa cha Musira kabla hapajakucha. Alfajiri mabati yanapigwa kiasi kwamba redio huisikii hata ukiiongeza sauti. Kufika saa nne au saa tano imekatika, na mchana jua linawaka kama vile hakukuwa na kitu. Aprili ndiyo nzito kuliko miezi yote, hiyo sikufichi, inaweza kushika tangu asubuhi hadi jioni. Lakini kuanzia Juni hadi Agosti ni kiangazi, vumbi linatimka, na watu wanaanika kahawa kwenye mikeka. Hata hapo usishangae kuona wingu moja likitokea ziwani na mtaa mzima ukikimbia kukunja mikeka, jirani akimsaidia jirani bila kuitwa.

Mji umejipanga kufuata saa hizo. Sokoni asubuhi ya mvua hakuna haraka, akina mama wa ndizi wanajifunika turubai na kusubiri. Vikao vya harusi huwekwa saa kumi jioni. Watoto wanakwenda shule na gambuti na koti la mvua, viatu vimo ndani ya mfuko wa plastiki, wanavaa wakifika. Wako wataliweza hilo ndani ya wiki moja, watoto hawana shida. Wanaopata tabu ni watu wazima wanaotaka siku ianze saa moja kamili.

Sasa la kucheza. Jioni ufukweni ndiko mji unakokwenda, hasa Jumamosi na Jumapili baada ya ibada. Pana mchanga, mpira, watoto wanakimbizana, sato wanakaangwa hapo hapo na ndizi pembeni. Mitumbwi ya injini inapeleka watu Musira na kuwarudisha, na mkwe wangu akipenda kupanda mawe atafurahia huko. Ila naomba unisikie kwa hili: wajukuu zangu wasiogelee kwenye maji yaliyotuama penye matete. Ziwa hili lina kichocho, na ugonjwa huo unaingia kupitia ngozi bila mtoto kuhisi kitu. Wacheze mchangani.

Mpira upo. Uwanja wetu wa Kaitaba uliwekewa nyasi bandia, kwa hiyo mvua ya asubuhi haiharibu mechi ya jioni. Mkwe wangu ni Simba, najua ile Mei 2018 hajaisahau, timu yetu ya Kagera Sugar ilipokwenda Dar na kuwafunga 1-0 siku ambayo Rais Magufuli alikuja kukabidhi kombe. Huku watu waliimba mpaka usiku. Mechi za Ulaya wataziona kwenye vibanda umiza, au nyumbani kama umeme upo.

Lakini ukiniuliza burudani kubwa ya mji huu ni ipi, nitakwambia senene, wale panzi wa kula, na burudani hiyo inaletwa na mvua yenyewe. Mvua za vuli zikishika, Novemba hivi, wanaanza kuja usiku kwa makundi. Wanafuata mwanga. Wafanyabiashara wanafunga taa kali, wanainamisha mabati mapya yanayoteleza, chini wanaweka mapipa. Senene akigonga bati anateleza moja kwa moja hadi ndani. Hao ni wa biashara, asubuhi unawakuta sokoni na stendi, wengine wanapakiwa kwenye mabasi ya Dar. Watoto wa mtaa hawana mabati. Wao wako chini ya nguzo za taa na ndoo na chupa za maji, wanaokota kwa mikono, wanagongana vichwa, wanapiga kelele, na hakuna mzazi anayewaita ndani. Usiku wa senene mtaa haulali.

Kesho yake ndiyo kazi. Tunakaa barazani mvua ikinyesha, beseni katikati. Unamshika senene kichwani kwa vidole viwili, unavuta mabawa kuelekea nyuma, yanatoka yote kwa pamoja ukizoea, kisha unanyonyoa miguu, kwanza ile mirefu yenye miba. Wapo wa kijani, wapo wa kahawia. Vidole vinabaki na mafuta yanayonata hata baada ya sabuni. Ukiwaosha unawaweka kwenye sufuria bila kuongeza mafuta, maana wana ya kwao, unatia chumvi na kitunguu, unakoroga mpaka walie kama mchanga mkavu. Zamani, bibi yako alinisimulia, mwanamke wa Kihaya aliwakamata na kuwapika, lakini kula ilikuwa haki ya mume. Mimi nakula, na mjukuu wangu wa kike atakula sahani yake iliyojaa. Hapo barazani ndipo mtoto anaposikia habari za ukoo wake. Wanao hadi leo wameletewa senene waliokaangwa kwenye kopo, na inaniuma kidogo.

Mvua ya mchana, ikitokea, ina starehe zake pia. Mgeni akikwama kwako unampa kahawa ya kutafuna, mnazungumza hadi ikatike. Wazee wachache bado wanapiga nanga, ile ala yetu ya nyuzi, na kuimba habari za mashujaa wa zamani, ukibahatika kumpata mmoja kwenye harusi, waweke watoto mbele kabisa. Vijana wana muziki wao, lakini nyimbo za Saida Karoli, aliyepeleka Kihaya chetu nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000, zikipigwa ukumbini hakuna anayebaki kwenye kiti, awe kijana au mzee. Harusi nyingi ziko Julai, Agosti na Desemba. Mtachangishwa, jiandaeni.

Kuna mambo magumu, na usiyasikie kwa wengine. Nguo hazikauki Aprili, zinaanza kunuka, viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini. Nunueni kabati lisilogusa ukuta. Radi za ukanda huu ni kali, chomoeni televisheni mkisikia ngurumo, na watoto wafundishwe kutojikinga chini ya mti. Umeme nao hukatika. Kumbi za sinema na maduka makubwa kama ya Dar hakuna, na kwa mwanao mkubwa hilo litamuuma mwanzoni, kwa sababu ana umri wa kutaka kutoka na wenzake. Mwambie ukweli kabla hajafika. Asije akadhani tumemficha.

Nyumba ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote. Msichukue nyumba bondeni karibu na mto Kanoni, hata kodi iwe ndogo namna gani. Mto huo ukijaa unaingia ndani usiku watu wamelala. Na nyumba yoyote ya zamani, baba yako aikague kwanza, kwa sababu tetemeko la Septemba 10, 2016 liliacha nyufa nyingi ambazo zimepakwa rangi tu, na maji ya mvua hupenya hapo. Angalieni pia kama kuna tanki na mifereji ya bati. Mvua hii ukiikinga vizuri, bili ya maji inapungua.

Tumeshapata nyumba moja Kibeta, iko kwenye mwinuko, ina baraza pana mbele na nafasi ya migomba michache nyuma. Baba yako ameizunguka yote, amegonga kuta, ameridhika. Ushauri wangu, kama kazini wataruhusu, mhame Juni shule zikifungwa. Barabara ni kavu, vyombo havitalowa, na watoto watauzoea mji kwanza wakiwa nje kabla ya vuli kuanza. Mkipita Singida, Nzega, Kahama na Biharamulo kwa gari lenu, msiendeshe usiku. Godoro msibebe, huku yapo. Bebeni mablanketi, asubuhi za Juni kuna baridi ambayo Dodoma mnaijua.

Mwenye nyumba anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, kuna mwingine anaiulizia. Zungumza na mkwe wangu leo, kisha mpigie baba yako moja kwa moja, yeye ndiye anayeongea na mwenye nyumba.

Wasalimie wote hapo. Wajukuu wabusu kwa niaba yangu.

Mama yako