Jibu: Tukifuta Benki Kuu, shilingi itakuwaje?

Ndugu yangu wa Kigoma, umeuliza kama bei zingetulia tukifuta Benki Kuu, kama Javier Milei alivyoahidi alipogombea urais wa Argentina mwaka 2023. Anza na noti iliyo mfukoni: hiyo ni deni la Benki Kuu. Kabla ya kuifuta benki hiyo na kuhamia dola, noti zote lazima zinunuliwe kwa dola za akiba. Dola zikiwa chache, shilingi inashushwa thamani kwanza, na fedha aliyoweka mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi inayeyuka siku hiyohiyo. Panama haina benki kuu, na mfumuko wake wa bei ni mdogo kweli. Lakini wateja wa benki iliyo imara wakikimbilia kutoa fedha zao kwa pamoja, nani ataikopesha benki hiyo? Hapo ndipo ninapokataa kabisa. Hata Ekwado ilipochukua dola mwaka 2000, benki kuu iliibakiza.