Zoezi la Kuzimua

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nipo kwenye maabara moja hapa Tanga, tunakuza seli na kuzijaribia dawa. Nimewaandikia vijana wapya maelekezo ya Kiswahili: "Zoezi la uyeyushaji wa kampaundi ya klorokwini lifanyike kwa usahihi, likifuatiwa na zoezi la uzimuaji." Wenzangu wamelicheka neno "uzimuaji", wanadai ni la baa. Je, ni kweli? Na "kampaundi" inafaa, au niseme "mchanganyiko"?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuzimua ni kupunguza ukali wa kitu, aghalabu kwa kukitia maji. Anayeamka na kichwa kizito akaenda kuzimua kaliazima tu neno hilo hilo. Waache wacheke, wewe zimua.

Kilichonikera ni "zoezi", tena mara mbili ndani ya sentensi moja. Nchi hii siku hizi haina uchaguzi, ina zoezi la uchaguzi. Taka hazizolewi tena Ngamiani, ila zoezi la uzoaji taka linaendelea. Nimesikia kwa masikio yangu kipaza sauti kikitangaza "zoezi la mazishi", nikajiuliza marehemu azikwe mara ngapi hadi azoee. Maana neno lenyewe latokana na kuzoea: zoezi ni jambo unalolirudia mpaka mwili au akili ilizoee. Mpira una mazoezi. Hesabu zina mazoezi. Klorokwini haina.

Tena kwenu nyinyi kurudiarudia ndiko kunakoharibu. Dawa iliyokwisha kuyeyushwa hugawanywa katika vichupa vidogo, ikagandishwa, kikatolewa kimoja kwa kazi moja, kwa sababu nyingi hupungua nguvu zikigandishwa na kuachwa ziyeyuke mara kwa mara. Kijana akikutii neno kwa neno, akafanya "zoezi", mtakuwa na friza iliyojaa maji ya bure.

Ubaya wa pili ni kwamba "zoezi la uyeyushaji lifanyike" halina mtu, halina kipimo, wala halina kiyeyushio. Nani ayeyushe? Kiasi gani? Kwa nini, yaani kwa kitu gani? Klorokwini difosfeti inakubali maji. Artemisinini, dawa nyingine ya malaria, inayakataa, inataka DMSO, kiyeyushio cha maabara kisicho maji. Hayo yote umeyafunika kwa nomino mbili nene, kisha ukatia "kwa usahihi" juu yake, kana kwamba kuna aliyekuwa amepanga kukosea.

Hebu tuikalie klorokwini hiyo. Unga unaoletwa na wauzaji mara nyingi ni wa chumvi yake, hiyo difosfeti, ambayo uzito wa molekuli ni 515.9. Klorokwini tupu ni 319.9. Kijana asiyeambiwa asome lebo atachukua namba ya pili. Akitaka mililita 10 za milimola 10 kwa lita (milimola ni kipimo cha idadi ya molekuli), atapima miligramu 32 badala ya 51.6, na atakachopata ni milimola 6.2 kwa lita. Seli zitaishi kwa raha, nanyi mtakaa kikao kujadili kwa nini dawa haifanyi kazi. Basi mwandikie hivi: "Soma kwenye lebo kama ni difosfeti. Pima miligramu 51.6. Yeyusha kwa maji safi hadi ujazo ufike mililita 10. Kinga na mwanga." Vitenzi vinne vinavyoamrisha, na zoezi halikuhitajika popote.

Kuzimua nako kutaje mara ngapi. Tuseme artemisinini mmeiyeyusha kwa DMSO hadi milimola 10 kwa lita: ukiizimua mara 1,000, inakuwa mikromola 10 kwa lita, na DMSO inabaki asilimia 0.1, kiasi ambacho seli nyingi hukistahimili. Seli za kulinganishia nazo zipewe DMSO hiyo hiyo bila dawa, ama sivyo hutajua kilichoziua.

Kuhusu "mchanganyiko", hapana. Mchanga na chumvi ni mchanganyiko, unaweza kuvitenga kwa maji na kitambaa. Kampaundi ina elementi zilizofungamana kikemia, na kitambaa chako hakitazifungua. "Kampaundi" silipendi, masikio yangu hulisikia kama ua wa nyumba ya mkoloni, lakini limeshaingia vitabuni na wanafunzi wanalijua. Litumie. Ila usije ukaniletea "ukampaundishaji".