Kabla hujasema Star Trek imepotea njia

Idi Pili ya mwaka juzi nilimliza mpwa wangu kwa sababu ya mapaji ya nyuso za Waklingoni, viumbe wa sayari nyingine katika Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za anga za juu.

Tulikuwa nyumbani kwa mama, Tanga, pilau limeshaliwa, wanaume tumejilaza mkekani kama magogo. Binti wa dada yangu, miaka 17, akasema kwa furaha kwamba amemaliza msimu wa kwanza wa Star Trek: Discovery, mojawapo ya tamthilia mpya za jina hilo, na ameupenda. Hakuwa ameomba maoni ya mtu. Mimi nikajiinua kwa kiwiko nikaanza kuhutubia. Nikamwambia hiyo si Star Trek. Waklingoni wameharibiwa, vichwa vimenyolewa na kurefushwa kama mapapai, na mambo yote yalianza kupotea njia mwaka 2009 kwa ile filamu ya J.J. Abrams. Nikaongeza, sijui kwa nini, kwamba kizazi chao hakijui kutulia kikatazama kitu mpaka mwisho. Mtoto akachukua simu yake akaenda jikoni. Baada ya dakika chache dada akatokea mlangoni, mwiko mkononi: "Umemliza mtoto kwa mambo ya maroketi, mtu mzima wewe?"

Lakini aliyenisuta hasa ni baba mdogo. Huyu alikuwa baharia wa meli za mizigo, na ndiye aliyeniambukiza ugonjwa huu. Miaka ya tisini alikuwa akirudi likizo na kanda za video za Star Trek zimeviringishwa kwenye taulo, tunaziangalia kwenye deki mpaka umeme ukatike. Siku hiyo alicheka mpaka akakohoa. "Paji la uso? Mwanangu, mimi nilinuniana na mpishi wetu wa meli safari nzima kwa paji hilohilo."

Kisa chenyewe ni hiki. Katika tamthilia ya kwanza, iliyoonyeshwa Marekani kuanzia 1966 hadi 1969, Mklingoni alikuwa mtu wa kawaida tu aliyepakwa rangi usoni na kuwekewa nyusi nzito. Filamu ya kwanza ilipotoka Desemba 1979, Waklingoni wakajitokeza na matuta ya mfupa juu ya paji la uso, na hakuna aliyejisumbua kueleza yametoka wapi. Baba mdogo aliona ni upuuzi mtupu. Na matuta hayo ndiyo niliyoyakuta mimi kwenye kanda, ndiyo niliyokuwa nayatetea pale mkekani kama mali ya urithi.

Waandishi wa Deep Space Nine, tamthilia nyingine ya Star Trek, walilitania jambo hili mwaka 1996. Mashujaa wao wanarudishwa nyuma hadi enzi za Kapteni Kirk, nahodha wa tamthilia ya kwanza, wanakutana na Waklingoni wenye mapaji laini, wote wanamgeukia mwenzao Worf, Mklingoni mwenye matuta yake, wakisubiri maelezo. Worf anajibu kwamba hayo ni mambo wasiyoyazungumza na watu wa nje. Jibu la mtu wa pwani kabisa.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniambia Star Trek imepotea njia, namuuliza kwanza: njia yako ilianzia mwaka gani? Nauliza kwa nia njema. Aliyeanzia 1966 na aliyeanzia 2009 wanatumia jina moja kwa vitu viwili, na wanaweza kubishana mpaka alfajiri bila kukutana.

La pili ni gumu zaidi, kwa sababu linahitaji muda: rudi ukaitazame hiyo sehemu unayoisifia. Itazame kweli, usiikumbuke tu. Usiku uleule wa Idi, nikitaka kumwonyesha mpwa wangu jinsi "zamani walivyotuheshimu", nilimwekea The Changeling, sehemu ya tamthilia ya kwanza, ya mwaka 1967. Nilishajigamba kwamba Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo cha Kirk, ambaye jina lake limetokana na neno letu uhuru, alikuwa akizungumza Kiswahili fasaha. Katika sehemu hiyo mtambo uitwao Nomad unamfuta akili yote, inabidi afundishwe kusoma upya kama mtoto wa chekechea, na Kiingereza kikimshinda anaangukia kwenye Kiswahili. Mama, ambaye hana habari na Star Trek, alisikia kutoka chumbani akauliza kwa sauti: "Nani huyo anayeongea kama mmisionari?"

Tulicheka wote, mimi kidogo kuliko wengine. Halafu nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwenye deki ya baba mdogo. Mwanamke amefutwa maisha yake yote, na mwishoni daktari anatangaza kwamba baada ya wiki moja atakuwa amerudi kazini. Basi. Hakuna anayeuliza kama bado anamkumbuka mama yake. Mpwa wangu aliliona hilo kabla yangu, na alilisema kwa upole ambao mimi sikumwonyesha mchana.

Sisemi sehemu ile haina thamani. Mwaka 1967, kwenye televisheni ya Marekani, mwanamke mweusi aliyevaa sare ya afisa, lugha iliyobaki ndani yake baada ya yote kufutwa ikawa Kiswahili. Hilo bado linanisisimua. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alisimulia mara nyingi kwamba alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, na Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Lakini ukiibeba tamthilia hiyo kichwani kama kitabu kisicho na kosa, ibebe na sehemu iitwayo Spock's Brain. Mashabiki walimwaga barua kwa NBC, kituo cha televisheni kilichoirusha, ili isifutwe, wakapewa msimu wa tatu, na msimu huo ukafunguliwa Septemba 1968 kwa hadithi ya ubongo wa Spock, msaidizi wa Kirk, kuibwa huku mwili wake ukiendeshwa kwa rimoti. Mpwa wangu aliomba tuirudie.

Kuna wanaosema kipimo ni ndoto ya mwanzilishi, Gene Roddenberry. Nilikuwa mmoja wao. Shida ni kwamba Roddenberry aliwawekea waandishi wa The Next Generation, tamthilia iliyofuata ya miaka ya themanini, sharti kwamba mabaharia wa karne ya 24 hawagombani wao kwa wao, na waandishi wakahangaika, maana hadithi isiyo na ugomvi utaianzia wapi? Alifariki Oktoba 1991. Deep Space Nine ikaanza Januari 1993, na kadiri ilivyoendelea ikaleta vita, udini, na kapteni anayesema uongo ili kuingiza taifa jingine vitani. Wapo waliolia kwamba mzee amezikwa pamoja na ndoto yake. Hiyo ndiyo Star Trek ninayoipenda kuliko zote.

Usidhani basi nimekuwa mtu wa kukubali kila kinacholetwa. Ninayo malalamiko, na nimejifunza kuyasema kwa namna inayoweza kujibiwa. Badala ya kusema Discovery "haina roho", nasema hivi: msimu wa The Next Generation ulikuwa na sehemu 26 hivi, Discovery ilianza na 15 na msimu wake wa mwisho, 2024, ulikuwa na 10. Ukiwa na sehemu 10 na janga moja kubwa la kuokoa ulimwengu, hadithi ndogo inakaa wapi? The Inner Light, sehemu ambayo Picard, kapteni wa The Next Generation, anaishi maisha mazima ya mtu mwingine, anaoa, anazeeka, anajifunza filimbi, na kumbe zimepita dakika 25 tu, ilikuwa sehemu ya 25 ya msimu wa tano, mwaka 1992. Ni kitu kilichopata nafasi kwa sababu nafasi zilikuwa nyingi. Mpwa wangu alilipokea hilo, akanijibu kwamba kati ya hizo 26 nyingine ni takataka. Ni kweli. Tulibishana saa nzima bila mtu kwenda jikoni.

Na waigizaji waache. Wil Wheaton alikuwa na miaka 15 The Next Generation ilipoanza Septemba 1987, akimwigiza kijana anayejua kila kitu, na watu wazima walimchukia yeye kwa mistari iliyoandikwa na watu wazima wengine. Hasira yako ipeleke kwenye hati ya mchezo.

Kumwomba radhi mpwa wangu kwa maneno kulinishinda. Sisi wajomba wa kizamani hatukufundishwa. Nilichofanya ni kumwambia achague yeye, tutazame pamoja kila Jumapili. Akachagua Strange New Worlds, tamthilia nyingine ya Star Trek, iliyoanza 2022, kwa sharti moja: nisifungue mdomo mpaka majina ya mwisho yaanze kupita. Katika sehemu ya pili Uhura, safari hii Celia Rose Gooding, anaeleza jinsi wazazi na kaka yake walivyokufa kwa ajali. Nilikumbuka Nomad, nikakumbuka swali ambalo hakuna aliyeliuliza mwaka 1967, na nikashukuru kwamba sharti linanizuia kusema, maana sauti isingetoka vizuri.

Baba mdogo bado hataki kusikia habari za Discovery. Ila juzi alinipigia kuuliza huyo Uhura mpya Kiswahili chake kikoje, eti ni mama anayetaka kujua.

Jumapili iliyopita zamu ya kuchagua ilikuwa yangu. Nikaweka The Inner Light, kwa sharti lilelile, ila sasa limemfunga yeye. Nusu ya kwanza alitulia. Picard alipokaa tena na ile filimbi yake, binti akajinyoosha, akaangalia saa ya simu, akasema, "Inakwenda polepole mno, Mjomba."

Nikafungua mdomo. Nikakumbuka kwamba majina hayajaanza kupita, nikaufunga. Zilikuwa zimebaki dakika 12.