Nimepiga Jik chumba kizima, mizizi ya saladi bado inaoza

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Pasua, Moshi. Chumba cha nyuma nimekifunga taa na mabomba ya plastiki, nalima saladi kwenye maji bila udongo na kuuzia hoteli mbili pamoja na majirani. Tangu Januari miche inanyauka mchana, mizizi imekuwa ya kahawia na inateleza. Nimeng'oa yote mara tatu, nikaosha kuta, sakafu na meza kwa Jik, nikaweka na dawa ya ukungu niliyouziwa dukani, carbendazim. Wiki mbili hazipiti, ugonjwa umerudi. Maji natumia ya bomba, na yakikatika nachota ya mfongo, mfereji wetu wa asili. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kung'oa mazao yote mara tatu si hasara ndogo, na naona bidii umeifanya. Ila umepigana na kuta, na ugonjwa huu haukai ukutani.

Kwanza tuhakikishe tunazungumzia kitu kimoja. Chukua mche unaoanza kunyauka, shika mzizi mmoja kwa vidole viwili na uuvute taratibu. Ganda la nje likivuka kama soksi na kubaki uzi mwembamba katikati, basi kwa dalili ulizoeleza karibu kila kitu kinaelekeza kwa Pythium, kimelea kinachoozesha mizizi. Watu humuita ukungu, lakini kwa ukoo yuko karibu zaidi na mwani kuliko na ukungu wa kweli. Tofauti hiyo ndiyo iliyokula hela yako dukani: carbendazim huua aina nyingi za ukungu, kwa Pythium haifanyi kitu. Aliyekuuzia alipaswa kukuuliza ni ugonjwa gani kabla ya kukupa kopo.

Jambo la pili la kumjua adui huyu ni kwamba anaogelea. Hutoa vijimbegu vyenye mikia vinavyokwenda ndani ya maji mpaka kwenye mzizi. Kwako maji ni yale yale yanazunguka kutoka tangi kwenda kwenye mabomba na kurudi, kwa hiyo mche mmoja ukiugua, tangi linawagawia wote.

Sasa twende kwenye joto, maana hapa ndipo penye shida yako kubwa. Umesema ilianza Januari, na joto la Moshi mwezi Januari wote tunalijua. Una kipimajoto ndani ya tangi? Kama huna, nunua leo kabla ya dawa yoyote. Maji ya nyuzi 20, usawa wa bahari, hubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita; yakifika nyuzi 30 hubaki kama 7.5. Toa tena karibu asilimia 10, kwa sababu Moshi iko juu, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Tanga. Wenzetu wa Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, watoe asilimia 15. Mzizi nao ukipata joto unahitaji hewa zaidi, siyo pungufu. Unakosa pumzi, ncha zake zinakufa, na Pythium anaingia mlango ukiwa wazi. Ndiyo maana nasema bila kusita: chumba kinachong'aa chenye maji ya nyuzi 29 kitaoza, na chumba cha kawaida chenye maji ya nyuzi 20 kina nafasi nzuri ya kupona.

Lenga nyuzi 18 hadi 22. Kama tangi lako ni jeusi na liko nje, liingize kivulini au lichimbie ardhini mpaka shingoni, kisha lifunike kwa gunia unalolilowesha mara kwa mara. Chupa za maji zilizogandishwa kwenye friji, ukizitumbukiza saa tano asubuhi, zinasaidia tangi dogo la lita 100 au 200. Weka pampu ya hewa, ile ya matangi ya samaki inatosha kuanzia, na itafutie betri, kwani umeme ukikatika saa nane mchana mizizi haisubiri. Funika kila tundu linaloingiza mwanga kwenye maji. Mwani ukiota unaacha uchafu unaolisha matatizo mengine.

Halafu usafi. Nilipoanza kazi kwenye shamba moja la maua upande wa Usa River, tulisugua nyumba ya miche siku mbili tukaacha kufungua bomba la kurudishia maji. Ndani yake kulikuwa na mizizi iliyokatika na utando mzito unaoteleza kama bamia. Miche mipya yote ikaugua. Tangu siku hiyo naanzia ndani ya bomba, na wewe anzia hapo: fungua viungo vyote, toa pampu na chujio, sugua kwa brashi na sabuni mpaka utando uishe kabisa, kisha suuza. Klorini iliyo ndani ya Jik ikikutana na uchafu inaishia kwenye uchafu, haifiki kwa ugonjwa. Ukimwaga Jik juu ya utando umeua wa juu tu.

Baada ya kusugua ndipo Jik. Soma asilimia kwenye lebo. Kama ni 3.5, sehemu moja ya Jik kwa sehemu sita za maji inakupa nusu asilimia, nguvu nzuri kwa mabomba, trei na tangi. Viloweke dakika 30, suuza kwa maji safi mara mbili, acha vikauke kabisa juani. Kukauka ni sehemu ya dawa. Changanya mpya kila siku, ya jana imeshapoteza nguvu. Na tafadhali sana, usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, siki wala amonia, maana gesi inayotoka inaweza kukuua ndani ya chumba kidogo. Fungua madirisha, vaa glovu.

Kwa wasomaji wa miteremko ya Mlima Meru, ambako maji yenye floridi nyingi mara nyingi huwa pia na magadi, yanayopandisha pH (kipimo cha uchachu au ugadi wa maji): klorini hudhoofika pH ikipita 7.5, kwa hiyo mkitibu maji yenyewe yapeni muda mrefu zaidi.

Mfongo sasa. Maji yake yamepita kwenye migomba na mashamba ya watu kabla ya kukufikia, na yanaweza kukuletea Pythium upya kila unapochota. Ukilazimika kuyatumia, yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa kizito, kisha weka mililita 100 za Jik ya asilimia 3.5 kwa lita 1,000. Baada ya nusu saa pima kwa vijikaratasi vya kupimia maji ya bwawa la kuogelea; ukikuta klorini iliyobaki ni karibu miligramu 2 kwa lita, vijimbegu vinavyoogelea vimekufa. Vile vyenye ganda nene vinaweza kubaki, ndiyo sababu sikushauri uyategemee. Yaache wazi usiku kucha huku pampu ya hewa ikifanya kazi, ndipo uchanganye mbolea.

Sponji za miche usizirudie hata zikionekana safi. Pumba za mpunga zinapatikana kwa urahisi kule Chekereni. Ukizichoma ziwe mkaa, si majivu, unapata kitalu kisicho na ugonjwa kwa gharama ndogo. Vijinzi vidogo vyeusi vikiruka juu ya miche, tundika karatasi za njano zenye gundi, kwani navyo hubeba ugonjwa.

Dawa yenye metalaxyl humgusa Pythium, lakini saladi inaliwa mbichi na maji yako yanazunguka. Usiiweke kwenye tangi kama lebo haijaruhusu matumizi hayo.

Ukifanya haya na mizizi ikaanza tena kugeuka kahawia, usisubiri mche ufe. Ung'oe ukiwa hai, funga mizizi kwa karatasi yenye unyevu ndani ya mfuko, na siku hiyo hiyo upeleke kwa wataalamu wa TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, Ngaramtoni, Arusha. Mizizi iliyokwisha kuoza huvamiwa na vimelea vingine, na aliyeanza hapatikani tena.