Mashine ya kuoshea vyombo ikivuja, uliza kwanza inavuja wakati gani

Ukikuta maji sakafuni chini ya mashine ya kuoshea vyombo, usikimbilie kununua mpira wa mlango. Ndicho kitu ambacho karibu kila mtu atakutajia, kwa kuwa ukifungua mlango macho yanatua hapo kwanza. Kabla hujashika bisibisi, kabla hujampigia fundi, tafuta jibu la swali moja: maji yanatoka wakati gani?

Mashine hizi hufanya kazi kwa hatua. Huvuta maji, huyapasha moto na kuyarusha juu ya vyombo, huyamwaga, kisha huvuta mengine. Kila hatua ina sehemu zake zinazobeba mzigo, na kitu kibovu huvuja pale zamu yake inapofika. Anayejua zamu hubakiwa na sehemu mbili tatu za kushuku. Asiyejua hununua vipuri kwa kubahatisha.

Nayasema haya kwa sababu ya kilichotukuta nyumbani, Kimara. Mashine yetu ni ya mtumba kutoka Uingereza, ilishuka na kontena pamoja na majiko na friji. Tuliitafuta kwa ajili ya mama, ambaye vidole vyake vimekaza kwa baridi yabisi na bado hataki kuona vyombo vinalala sinkini. Ilipoanza kuacha dimbwi jikoni niliumia kweli, maana bila mashine ile mama angerudi kusugua masufuria ya pilau ya Jumapili kwa vidole hivyo hivyo.

Fundi wa kwanza aliufungua mlango, akaubonyeza mpira kwa kidole gumba, akasema umechoka. Huenda ni kweli ulikuwa umeanza kukakamaa. Lakini dimbwi letu lilikuwa la alfajiri. Usiku mashine imezimwa, soketi imezimwa, ndani hakuna kinachorusha maji. Kazi ya mpira wa mlango ni kuzuia maji yanayorushwa, na pasipo kurushwa hauna cha kuvujisha. Nilimshukuru, nikampa nauli, nikaanza kutafuta mwenyewe.

Kuna jambo ambalo wenye mashine hizi wengi hawakuambiwa siku ya kuinunua: ndani haijai maji. Mashine ya kisasa huvuta lita chache tu kwa mara moja, 3 hadi 5 hivi, yakakusanyika kwenye kishimo cha chini palipo na chujio. Pampu huyanyanyua kutoka hapo hadi kwenye mikono inayozunguka, yakarudi chini, yakanyanyuliwa tena. Ukiisimamisha katikati ya kuosha na kuchungulia, utaona maji yako chini kabisa, hayafiki hata kwenye kizingiti cha mlango. Kwa hiyo mashine iliyolala kavu ikiamka na maji kizingitini, kuna maji yameingia bila kuitwa. Njia zake ni mbili tu: ama valvu ya kuingizia maji haifungi sawasawa, ama maji ya sinki yanarudi kinyumenyume kupitia bomba la kumwagia.

Kuzitofautisha ni rahisi. Maji ya valvu huwa masafi kama yanavyotoka bombani. Maji ya sinki huwa na ukungu wa mafuta, na harufu yake utaijua. Ukikuta hayo ya pili, tazama bomba la kumwagia linavyopita: linatakiwa kupanda juu karibu na usawa wa meza ya jikoni kabla ya kushuka kuungana na bomba la sinki. Likilazwa chini moja kwa moja, sinki likiziba kidogo tu maji machafu yanahamia kwenye mashine. Lifunge juu kwa klipu, na uzibue sinki.

Yetu yalikuwa masafi. Ili kuhakikisha, niliitoa trei ya chini na chujio, nikakausha kile kishimo kwa sponji mpaka pasibaki kitu, maana kwa kawaida hapo hubaki maji kidogo hata mashine ikiwa nzima. Nikaacha koki inayoleta maji kwenye mashine wazi na soketi imezimwa, tukalala. Asubuhi kishimo kilikuwa kimejaa na kupita. Jaribio hili halina gharama yoyote, na linaondoa ubishi.

Valvu yenyewe ni kidude cha plastiki chenye koili ya umeme juu yake. Kwenye baadhi ya mashine kiko chini, nyuma ya lile bati la mbele lililo chini ya mlango; kwenye nyingine kiko nyuma, pale bomba la kuingizia maji linapofungwa. Kabla ya kukigusa, chomoa plagi kabisa. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, kwani volti 230 na sakafu yenye maji ni mambo ya kuogopwa. Funga koki, weka beseni, legeza nati ya bomba la kuingizia maji. Ndani ya mdomo wa valvu utaona kichujio kidogo cha wavu; kivute taratibu kwa plaizi ya mdomo mrefu.

Kile nilichokitoa kilikuwa na mchanga laini wa rangi ya udongo uliogandiana na magamba meupe ya chokaa, na vipande vyeusi vyembamba mithili ya ngozi ya kitunguu, ambavyo ni utando unaoota ukutani mwa simtanki. Sisi tunatumia maji ya kisima cha kuchimba, na visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi au magumu. Wavu huzuia chembe kubwa. Zile ndogo hupenya na kukaa chini ya kiwambo cha mpira ambacho ndicho kinachofunga maji. Chembe moja ikikaa pale, kiwambo hakikai vizuri, na maji yanapita tone kwa tone usiku kucha.

Mchanga si sababu pekee. Valvu hizi zimetengenezwa zisaidiwe na msukumo wa maji yenyewe katika kufunga, ndiyo maana kwenye karatasi ya mashine huandikwa msukumo wa chini unaohitajika, na kwa nyingi za Ulaya huanzia kati ya 0.3 na 0.5 bar, yaani kipimo cha msukumo. Sasa piga hesabu ya nyumba zetu. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa karibu bar 1. Simtanki lililo mita 3 juu ya mashine linatoa kama 0.3, na likikaribia kuisha linatoa pungufu. Valvu inafunguka, maji yanaingia kwa kujivuta, na wakati wa kufunga hakuna msukumo wa kukibana kiwambo. Watu huhangaika na mashine mwaka mzima kumbe tatizo liko kwenye mnara wa tanki nje. Kama mnara wako ni mfupi, ama uinue, ama uweke pampu ndogo ya kuongeza presha kwenye laini ya jikoni.

Halafu kuna hili la soketi, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Mashine nyingi zina kinga: chini ya kitako kuna trei yenye boya, na maji yakidondokea humo boya huinuka, likabonyeza swichi, na pampu ya kumwaga ikaanza kazi yenyewe. Ni kinga nzuri sana, lakini inatumia umeme. Huku kwetu tumezoea kuzima soketi kila tunapomaliza kutumia kitu, kwa sababu ya luku na kwa kuogopa umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Ni tahadhari ya maana, siwezi kumlaumu mtu. Ila ukizima soketi na ukaacha koki wazi, umeiondolea mashine mlinzi wake na mlango umeuacha wazi. Kwa hiyo vifungwe vyote viwili pamoja, na koki ndiyo ianze. Kama koki yako iko nyuma ya mashine ambako mkono haufiki, mwite fundi bomba aihamishie chini ya sinki. Ni kazi ndogo, na itakuokolea makabati.

Unaweza kukisafisha kichujio kwa mswaki wa zamani na siki, ukakirudisha, ukaona kama maji yanakoma. Mara nyingine inatosha. Valvu za siku hizi nyingi hazifunguki ndani, kwa hiyo chembe ikishakaa kwenye kiwambo dawa ni kubadilisha valvu nzima. Nenda Kariakoo na ile ya zamani mkononi. Usitegemee jina la kampuni, linganisha vitu: volti 220 hadi 240, mdomo wa kuingilia wa robo tatu inchi, mwelekeo wa mdomo wa kutokea kama umenyooka au umepinda, na unene wa bomba linalovaa hapo. Valvu nyingi za mashine za kufulia ni za aina hiyo hiyo, na maduka ya vipuri vya mashine za kufulia huwa nazo. Piga picha ya waya kabla ya kuzichomoa. Ukimaliza kufunga, fungua koki ukiwa bado hujarudisha bati la mbele, na upapase kila maungio kwa karatasi kavu ya chooni. Karatasi huonyesha unyevu ambao jicho halioni. Sisi tuliongeza chujio kubwa kwenye laini kabla ya koki, lile la chupa inayofunguka ukaosha, na dimbwi la alfajiri halijarudi.

Kama lako si la alfajiri, basi fuata zamu nyingine. Toa bati la mbele, tandika magazeti chini, washa tochi, kaa na mashine tangu mwanzo hadi mwisho wa programu fupi. Usiingize mkono humo ikiwa kwenye umeme, tazama tu.

Maji yakitoka mara tu inapoanza kuvuta, shuku nati ya bomba la kuingizia na wosha yake ya mpira. Wosha ya zamani ikishalegezwa mara nyingi hairudi kubana, weka mpya.

Yakitoka inapoanza kurusha, angalia upande. Yakichuruzika mbele mlangoni, uliza kwanza kuhusu povu. Mtu aliyezoea kuosha kwa mkono akitia sabuni ya maji ya kawaida kwenye kile kisanduku, povu litajaa ndani na kutafuta upenyo, hata mpira uwe mpya. Simamisha, lichote, mwagia chumvi ya kupikia kiganja kimoja ndani, kisha iamuru imwage maji. Rudia kwa maji matupu mpaka povu liishe. Kama si povu, weka pimamaji juu ya mashine. Ikiinamia mbele, maji hupiga kizingiti. Zungusha miguu ya mbele mpaka ikae sawa. Tazama pia ile mikono ya kurushia: ikipasuka kwenye kiungo chake hurusha maji kwa nguvu mahali pasipotakiwa, hasa pembe za chini za mlango. Mpira wenyewe uusafishe kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, ukiingia kwenye mikunjo yake yote, kwani mabaki ya wali na mafuta yaliyoganda hapo huunyima kukaa. Ukiwa umepasuka au umelala bapa, hapo nunua mwingine. Naomba usiupake silikoni. Silikoni mlangoni haishiki zaidi ya muda mfupi, na huharibu mfereji ambao mpira mpya unatakiwa kukaa.

Yakitoka wakati wa kumwaga tu, ukisikia ile pampu inavuma na sinki linagugumia, ni bomba la kumwagia. Klipu zilizolegea ni za kawaida, lakini kwetu Afrika Mashariki shuku na panya. Hupenda joto la nyuma ya mashine, na bomba la plastiki hulitafuna matundu madogo ambayo hayaonekani mpaka ulikunje. Badilisha bomba zima, kisha ziba lile tundu la ukutani walilopitia, kwani wasipozibiwa watalitafuna na jipya.

Yakidondoka katikati chini ya mashine wakati wote wa kurusha, hasa yakiwa ya moto, hapo ni sili ya pampu kubwa, yaani mpira unaozuia maji yasipenye kwenye pampu, au wosha ya hita. Mimi sehemu hiyo nampa fundi, kwa kuwa inabidi mashine ilazwe na kufunguliwa kitako, na hita ikifungwa vibaya inaleta shoti. Lakini usimwambie tu kwamba mashine inavuja. Mwambie kwenye simu: inavuja ikianza kurusha maji, katikati chini, maji ni ya moto na hayana povu, mlango mkavu, bomba la kumwagia nimelikagua zima. Mtumie na picha ya kibandiko chenye namba ya modeli, ambacho kwa kawaida kiko ukingoni mwa mlango. Kwa maelezo hayo atapita dukani kwanza, aje kwako na sili mkononi.