Maswali ya Wasomaji: Jangwa la Simpson Halina Likizo ya Desemba

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari hapa Soroti. Kaka yangu anayeishi Adelaide ameniita nikamtembelee katika likizo ya Desemba, na anasema tutachukua gari lake tuvuke Jangwa la Simpson, ndani ya hifadhi ya taifa iliyo kubwa kuliko zote nchini Australia. Nimekwisha kufika Kidepo, hifadhi yetu ya kule Karamoja, mara mbili kwa barabara, mara moja wakati wa ukame mkali, kwa hiyo vumbi na jua si wageni kwangu. Je, hifadhi hiyo inatofautianaje na Kidepo yetu, nami nijiandae vipi? — Mwalimu, Soroti

JIBU: Mwalimu, kabla hujalipa nauli, mwombe kaka yako aangalie tarehe. Hifadhi ya Munga-Thirri–Simpson Desert hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi, kwa kuwa hicho ndicho kiangazi cha upande ule wa dunia, na joto la mchana hupita nyuzi 40 kwa siku nyingi mfululizo. Miezi inayofaa ni ile ya baridi yao, hasa Juni hadi Agosti. Kwa ratiba ya shule zetu, likizo fupi iliyo baina ya muhula wa pili na wa tatu ndiyo inayokaribiana na majira hayo. Hata hivyo usidanganywe na neno jangwa: usiku wa Julai unaweza kushuka hadi kugandisha maji, na sweta linalokutosha Kabale huenda lisikutoshe huko.

Kuhusu ukubwa, Kidepo ina kilomita za mraba 1,442. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 2021 kwa kuunganisha maeneo mawili ya hifadhi ya jimbo la South Australia, ina kilomita za mraba zipatazo 36,000, yaani takriban Kidepo 25 zikipangwa pamoja. Ukiwa Kidepo, askari wa wanyamapori hayuko mbali, kwani makao yao yako Apoka, ndani ya hifadhi, na akikuona umekwama atakuja. Kule, kati ya kituo cha wasafiri cha Mount Dare upande wa magharibi na mji mdogo wa Birdsville upande wa mashariki, hakuna kituo cha mafuta, hakuna duka, hakuna mtandao wa simu, na fundi wa kumkimbilia kama tunavyowakimbilia mafundi wa Kisekka hayupo kabisa.

Baina ya sehemu hizo mbili yako matuta ya mchanga mwekundu zaidi ya 1,100, yaliyonyooka sambamba kama mistari ya daftari kutoka kaskazini-magharibi kuelekea kusini-mashariki, nawe unayavuka moja baada ya jingine kwa siku tatu hadi tano. Lililo maarufu zaidi, Big Red, liko karibu na Birdsville na lina kimo cha takriban mita 40. Upande wa magharibi wa matuta hayo una mteremko wa taratibu kuliko upande wa mashariki, na ndiyo sababu madereva wengi huanzia magharibi. Ningekushauri umshikilie kaka yako katika jambo hilo, hasa kama hajawahi kuvuka. Mkiingia mchangani punguzeni upepo wa matairi ili yatandae na kushika, kisha beba kompresa ya kuujaza tena mtakapotoka. Kila gari hutakiwa kuwa na kibendera juu ya mlingoti mrefu, kwa sababu magari mawili yanayopanda tuta moja kutoka pande mbili hayaonani mpaka yafike kileleni, na wakati huo breki hazisaidii kitu. Redio ya mawasiliano ya UHF iwe wazi kwenye chaneli ya 10, mkijitangaza kabla ya kupanda. Kibali, kinachoitwa Desert Parks Pass, hupatikana kabla ya safari, wala hakuna lango la kulipia kama letu.

Maji ndiyo hesabu ninayotaka uifanye kwa kalamu. Chukua lita tano kwa kila mtu kwa siku kama kiwango cha chini, ongeza siku tatu za akiba juu ya siku tano za safari, na kwa watu wawili utapata lita 80, yaani jerikeni nne za lita 20. Zigawanye katika vyombo vingi, kwa kuwa chombo kimoja kikubwa kikipasuka kimemaliza safari. Ongeza simu ya setilaiti, na muachieni mtu njia yenu na tarehe ya kufika.

Gari likiharibika, msiliache. Mnamo Desemba 1963 familia ya watu watano iliishiwa mafuta kwenye barabara ya Birdsville, ikaondoka kwenye gari kutafuta msaada, na wote watano walikufa kwa kiu. Gari huonekana kutoka angani, hutoa kivuli, na ndilo lenye maji. Mtu anayetembea mchangani hana hata kimoja cha vitu hivyo.

Sipendi, hata hivyo, jangwa hilo linapoitwa tupu. Munga-Thirri, katika lugha ya wenyeji Wawangkangurru, ni nchi ya matuta makubwa ya mchanga, nao waliishi katikati yake hadi karibu na mwaka 1900 kwa kutegemea visima vyembamba walivyoviita mikiri, vilivyochimbwa kwa kina mabondeni baina ya matuta. Mwaka 1886 mpima ardhi David Lindsay aliongozwa na Mwangkangurru kutoka kisima hadi kisima mpaka karibu na mpaka wa Queensland. Ted Colson, anayetajwa kuwa Mzungu wa kwanza kulivuka jangwa lote, alivuka mwaka 1936 kwa ngamia, akifuatana na mwenyeji aitwaye Peter Ains. Wewe uliyewaona akina mama wa Karamoja wakichimba maji katika mchanga wa mto uliokauka hutahitaji kuelezwa ujuzi wa namna hiyo una thamani gani. Mkivikuta visima hivyo, msivichokonoe.

Njiani kutoka Mount Dare, simameni Dalhousie Springs, katika Hifadhi ya Witjira, muoge katika maji ya uvuguvugu yanayopanda yenyewe kutoka chini ya ardhi. Baada ya hapo hamtaoga tena kwa siku kadhaa.

SWALI: Binti yangu anasoma Brisbane na rafiki zake wanapanga kwenda Birdsville na matuta yake. Je, kuna wanyama wakali? Na naweza kumpelekea mukene (dagaa) na simsim nikienda kumwona? — Mama, Jinja

JIBU: Mama, simba na tembo hawapo. Wapo mbwa mwitu waitwao dingo, ambao hawapaswi kulishwa, na ngamia wa porini, kizazi cha wale waliopelekwa Australia karne ya 19 kwa kubeba mizigo. Wa kuogopwa ni nyoka, hasa taipani wa bara, mwenye sumu kali kuliko nyoka wote wa nchi kavu, ingawa ni mwenye haya na hukimbia watu. Binti avae viatu vinavyofunika kifundo na atumie tochi usiku.

Kuhusu mukene na simsim, andika kila chakula kwenye fomu ya kuingilia nchini. Afisa wa uwanja wa ndege atakinyang'anya kisichoruhusiwa na mambo yataishia hapo, lakini kukificha kuna faini kubwa. Usisahau pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwani wasafiri wanaotoka Uganda huulizwa.