Nimemlipa muuzaji, mbona programu bado inasema nadaiwa?

Swali: Habari yako mhasibu. Nina karakana ya kushona sare za shule hapa Kariobangi, na tangu Januari tuliacha daftari tukaanza kutumia QuickBooks, programu ya uhasibu ya mtandaoni. Mwezi uliopita nilichukua majora ya kitambaa Eastleigh, ankara ya shilingi 92,800 pamoja na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Jora moja lilikuwa na kasoro, la shilingi 5,800, nikalirudisha. Nilimlipa muuzaji 50,000 kupitia benki, kisha 37,000 kwa M-Pesa kutoka kwa simu yangu mwenyewe. Mimi naye hatudaiani tena. Lakini programu inasema nadaiwa 92,800 zote, na ripoti ya faida inaonyesha hasara katika mwezi ambao tulishona mpaka usiku. Karani wangu anaapa ameingiza kila kitu. Kosa liko wapi? Halafu wakili wangu amenitumia ankara, na jirani ananiambia nizuie asilimia 5 ya KRA, mamlaka ya mapato. Hiyo nayo naiingizaje?

Jibu: Dada yangu, karani wako anasema kweli. Ameingiza kila kitu, ila kitambaa kile kile amekiingiza mara mbili.

Twende polepole hapa, kwa sababu ukielewa hatua hii moja hutasumbuka tena. Siku alipoingiza ankara, programu iliandika mambo matatu kwa mpigo: gharama ya kitambaa 80,000, VAT ya kudai 12,800, na deni la 92,800 kwa jina la muuzaji. Gharama ilihesabiwa siku hiyo, hata kabla hujatoa shilingi. Malipo yanapokuja baadaye yana kazi moja tu, kupunguza deni huku yakipunguza pesa. Hayana ruhusa ya kugusa gharama tena.

Sasa ona alichofanya. Pesa zilipotoka, alibofya "Expense", yaani matumizi, akachagua kitambaa, akaandika 50,000. Siku nyingine akafanya vivyo hivyo kwa 37,000. Programu haiwezi kujua kwamba hizo ni pesa za ankara ile. Inaelewa kwamba umenunua kitambaa kingine, ukalipa papo hapo. Kwa hiyo gharama yako ya kitambaa imesomeka 80,000 na 87,000, yaani 167,000, ilhali kitambaa ulichobaki nacho ni cha 75,000. Hasara unayoiona imebeba shilingi 92,000 za hewa. Na deni limebaki pale pale, kwa kuwa hakuna aliyeliambia kwamba limelipwa.

Alipaswa kupitia "Pay bills", yaani kulipa ankara. Ukiingia huko, programu inakuletea orodha ya ankara ambazo hazijalipwa, unatia alama kwenye ile unayolipa, unaandika kiasi, unachagua akaunti pesa zinakotoka. Kiasi kinaweza kuwa nusu, salio litabaki likisubiri. Mtego mwingine uko kwenye miamala inayoingia yenyewe kutoka benki. Pale programu inapendekeza kuiongeza kama matumizi mapya, na mtu mwenye haraka hubofya tu. Ikiwa ni malipo ya ankara, kwanza yaingizwe dhidi ya ankara, kisha mstari wa benki uoanishwe nayo. Programu nyingine za uhasibu kama Xero na Zoho Books zina vitufe vya majina mengine lakini kanuni ni hiyo hiyo. Wanaotumia Tally, ambayo imeenea sana hapa mjini, wanapoingiza malipo kwa F5 huulizwa malipo hayo ni ya rejeo lipi. Chagua ankara yenyewe. Ukiyaacha "kwenye akaunti" tu, jumla ya deni la muuzaji itakuwa sawa lakini hutajua ni ankara ipi iliyofungwa.

Kabla ya kurekebisha, kagua VAT. Kama karani aliweka VAT kwenye yale malipo mawili, basi kwenye 87,000 programu imetoa VAT nyingine ya 12,000, na ritani yako, ile taarifa ya kodi unayopeleka KRA, itadai 24,800 badala ya 12,000. Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko hasara ya kwenye ripoti. Ankara ya muuzaji imepita kwenye eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, na KRA wanaiona, na iko moja tu. Ritani ya VAT ya mwezi hupelekwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kama hujaipeleka, rekebisha vitabu kwanza. Kama umeshapeleka yenye kosa, wasilisha ritani ya marekebisho kwenye iTax, tovuti ya ushuru ya KRA, wewe mwenyewe kabla hujaulizwa.

Sasa marekebisho. Usianze kwa kufuta. Zile 50,000 za benki huenda zimeshalinganishwa na taarifa ya benki, na ukizifuta utavuruga mwezi uliokwisha kufungwa. Fungua muamala wenyewe, hakikisha jina la muuzaji ndilo lililoandikwa kama mlipwaji, kisha badilisha kategoria kutoka kitambaa kwenda "Accounts Payable", yaani akaunti ya wadai, na uondoe VAT kama ipo. Tarehe, kiasi na benki viache kama vilivyo. Mara tu ukihifadhi, zile 50,000 zinageuka kuwa krediti ya muuzaji huyo, yaani kiasi cha kupunguza deni lake, zinangoja kuunganishwa na ankara.

Jora lililorudishwa lina hati yake. Mdai muuzaji krediti noti, yaani hati ya kupunguza ankara, iliyotolewa kupitia eTIMS na kurejelea ankara ya kwanza. Kukubaliana kwa mdomo dukani hakutoshi. Iingize kama "Vendor credit": kitambaa 5,000, VAT 800. Bila hiyo deni litabaki na mkia wa 5,800, na utakuwa unadai VAT ya kitambaa usichonacho.

Tumebaki na zile 37,000 za simu, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu wenye biashara wengi wa Nairobi ninaowahudumia wana tatizo hili. Umelipa deni la biashara kwa pesa zako binafsi. Karani hakujua azitoe wapi, na nina hakika alichagua akaunti ya pesa taslimu. Fungua akaunti hiyo uone. Kama salio lake ni hasi, umepata ushahidi, maana kisanduku cha pesa hakiwezi kuwa na chini ya sufuri. Muamala huu ndio wa kufuta, kwa sababu pesa hazikutoka huko kamwe.

Baada ya kuufuta, ingia "Pay bills" uingize malipo halisi. Utakuta QuickBooks haikuruhusu kuchagua akaunti ya mtaji wa mwenye biashara pale. Inataka akaunti ya aina ya benki au kadi. Njia ninayotumia ni kufungua akaunti ya aina ya benki na kuiita "Simu ya mwenye biashara". Lipa ankara kutoka hapo, 37,000, tarehe ile ile ya ujumbe wa M-Pesa. Akaunti hiyo itaonyesha hasi 37,000, na hapa hasi ni sahihi kwa muda, kwa kuwa inasema biashara imetumia pesa za mtu. Mwisho wa mwezi, kwa ingizo moja la jarida, hamisha salio hilo liende kwenye akaunti yako kama mchango wa mwenye biashara, au kama mkopo uliokopesha biashara ikiwa utarudishiwa. Kampuni iliyosajiliwa iandike mkopo wa mkurugenzi. Akaunti ya simu inarudi sufuri, na siku ukijirudishia hizo 37,000 hutaziandika kama gharama mara ya tatu.

Ada ya M-Pesa iwe na mstari wake, ada za benki na M-Pesa. Usiichanganye na malipo ya ankara, la sivyo itaonekana umemlipa muuzaji zaidi ya deni. Na nambari ya muamala, ile yenye herufi na tarakimu kumi inayoanza ujumbe, iandikwe kwenye nafasi ya rejeo. Nakili na ubandike, usiandike kwa mkono, kwa sababu herufi O na sufuri zinafanana. Muuzaji akikupigia simu akidai hajaona pesa, unatafuta nambari hiyo kwenye programu na mnamaliza mazungumzo kwa dakika moja.

Hatua ya mwisho, rudi "Pay bills" uchague ankara ya kitambaa. Programu itakuonyesha krediti zilizopo kwa muuzaji huyo, 50,000 na 5,800. Ziweke zote mbili. Malipo mapya yatakuwa sufuri, na hilo lisikutishe. Unaunganisha vilivyokuwa vimetengana. Hifadhi, kisha fungua ankara yenyewe uisome: 50,000, 5,800 na 37,000 zinafika 92,800, salio sufuri, na imeandikwa kwamba imelipwa. Fungua na ripoti ya faida, kitambaa kisome 75,000.

Nikueleze kwa nini naliona jambo hili zito kuliko usafi wa vitabu. Mteja wangu mmoja anayeuza vifaa vya ujenzi alikuwa na kosa hili hili. Ankara ya saruji ililipwa kwa benki, ikaingizwa kama matumizi, na kwenye orodha ya madeni ikabaki wazi. Baada ya mwezi alisafiri, akamwachia binamu yake ofisi na maagizo ya kulipa kila ankara iliyopitisha siku 30. Kijana alifuata orodha kwa uaminifu, akailipa saruji ile mara ya pili. Muuzaji hakukataa kwamba amelipwa mara mbili, lakini pesa hakuwa nazo tena, akazirudisha kidogo kidogo kwa saruji. Mteja wangu wakati huo alihitaji mishahara ya vibarua.

Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi mwombe kila muuzaji mkubwa taarifa ya akaunti yako kwake, uiweke kando ya ripoti ya wadai ya programu, na mpite ankara kwa ankara. Kwa karakana ya ukubwa wako ni kazi ya asubuhi moja. Usilinganishe jumla peke yake. Makosa mawili yanaweza kufutana na jumla ikaonekana safi.

Na karani wako mpe utaratibu huu mmoja: kabla ya kuandika malipo yoyote, aulize kama kuna ankara iliyoingizwa tayari. Ikiwepo, njia ni "Pay bills". Ikiwa ni kitu cha kununua na kulipa papo hapo, nyuzi za dukani au nauli ya boda ya kupeleka sare, hapo "Expense" ndiyo mahali pake. Hata hizo ndogo, mwambie aombe ankara ya eTIMS yenye PIN yako ya KRA kila inapopatikana. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, ukiacha chache zilizosamehewa kisheria, haikubaliki unapopiga hesabu ya ushuru wa mapato, hata kama vitabu vyako ni safi kiasi gani.

Sasa wakili. Jirani yako yuko sahihi. Ada ya kitaalamu kwa mkazi wa Kenya huzuiliwa asilimia 5 malipo yanapofika shilingi 24,000 kwa mwezi, na asilimia hiyo hupigwa kwenye kiasi kabla ya VAT. Hukunitajia kiasi, basi tuseme ankara yake ni 40,000 na VAT 6,400, jumla 46,400. Iingize nzima nzima, 46,400, kwa sababu hiyo ndiyo gharama na hilo ndilo deni. Watu wengi huingiza ankara ikiwa imeshapunguzwa, na gharama yao inapungua bila sababu. Utamzuilia 2,000, umtumie 44,400.

Kwenye programu, lipa 44,400 kutoka benki kupitia "Pay bills". Ankara itabaki na salio la 2,000. Salio hilo lifunge kwa "Vendor credit" ya 2,000, bila VAT, ambayo kategoria yake ni akaunti ya deni utakayoifungua kwa jina "Ushuru wa kuzuiliwa, KRA". Ankara ya wakili inafungwa, na zile 2,000 zinahama kutoka kuwa deni lake na kuwa deni lako kwa serikali. Ukizipeleka KRA, malipo hayo yaende kwenye akaunti hiyo ya deni, si kwenye gharama ya ushuru. Zipeleke kupitia iTax ndani ya siku tano za kazi tangu siku uliyomlipa, na cheti kitakachotoka wakili atakihitaji, kwani ndicho atakachoonyesha kwamba ushuru huo umekwisha kulipwa kwa niaba yake.